Kabla ya Kuchomeka Amplifaya Kwenye Transfoma ya Umeme Linganifu

Transfoma za umeme linganifu zilizoeleka kwanza kwenye studio za kurekodi. Siku hizi zinauzwa pia kwa mtu mwenye amplifaya, spika mbili na deki ya santuri sebuleni. Ukilifungua sanduku lake hukuti maajabu. Ni transfoma moja nzito ya kutenganisha, mara nyingi ya umbo la duara, ambayo koili yake ya kutoa ina ncha ya tatu katikati, na ncha hiyo imefungwa kwenye ethi. Umeme wa kawaida una waya wa laivu wenye volti 230 na waya wa nyutro ulio karibu na sifuri. Hapa kila waya unabeba volti 115 ukipimwa dhidi ya ethi, mmoja ukipanda wakati mwingine unashuka. Chombo bado kinapata 230 kati ya pini zake mbili. Kwenye nchi za volti 120, mgawanyo ni 60 kwa 60.

Tunapitia aina nzima ya bidhaa hii, kwa sababu tofauti kubwa kati ya sanduku moja na jingine haiko kwenye chapa, iko kwenye vitu viwili au vitatu vilivyofungwa au kuachwa nyuma ya soketi. Majina yanayotajwa sana ni Equi=Tech na Furman kwa Marekani, na Airlink kwa Uingereza. Yapo pia masanduku yasiyo na jina, na vifurushi vya vipuri vya kujifungia mwenyewe.

Hukumu ni hii: kwa nyumba nyingi ni ununuzi wa kukosea shabaha, maana mvumo unaosikika kwenye spika kwa kawaida hautokani na kitu ambacho transfoma hii inakitibu. Na sanduku lisilo na breka ya nguzo mbili (inayokata nyaya zote mbili) pamoja na RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja kwenda ethi) upande wa kutoa lisiingie sebuleni hata likitolewa bure.

Inatibu nini hasa

Ndani ya kila chombo cha sauti kuna kapasita kati ya nyaya za umeme na kasha. Nyingine zimewekwa makusudi kwenye kichujio cha kelele za umeme. Nyingine zipo tu kwa sababu koili mbili za transfoma zimekaa karibu. Kupitia hizo, mkondo mdogo unavuja hadi kwenye kasha, unapita kwenye kinga ya nje ya kebo ya sauti, na kutafuta ethi kwenye chombo cha pili. Hoja ya umeme linganifu ni kwamba waya mmoja ukisukuma mkondo huo na mwingine ukauvuta kwa kiasi kilekile, jumla inakuwa sifuri.

Hoja hiyo inasimama ikiwa kapasita za pande zote mbili ni sawa. Chukua kichujio chenye kapasita mbili za nanofaradi 2.2. Kwenye umeme wa kawaida wa volti 230 na hezi 50, upande wa laivu peke yake unavujisha mikroampea 160 hivi. Kwenye umeme linganifu, tuseme kapasita zimepishana vibaya ndani ya uvumilivu wa asilimia 20: moja ni 2.64, nyingine 1.76. Kinachobaki ni mikroampea 32. Umepunguza mara tano, yaani desibeli 14, na zikikaribiana zaidi faida inakua. Hapo muuzaji hakudanganya.

Sasa chukua amplifaya yenye transfoma ya kawaida isiyo na kichujio. Koili yake ya kuingiza haikai sawa dhidi ya koili ya kutoa. Ncha moja iko karibu, nyingine iko mbali. Tuseme ncha ya karibu ina nanofaradi 1 na ya mbali 0.2. Plagi ikichomekwa vibaya, laivu ikaangukia ncha ya karibu, unapata mvujo wa mikroampea 72. Ukigeuza plagi, unapata 14. Ukiweka kwenye umeme linganifu, unapata 29, na kugeuza plagi hakubadilishi kitu tena. Yaani kwenye nchi ambako plagi inageuzika, kuigeuza bila gharama yoyote kumeshinda transfoma ya kilo 18.

Jambo jingine ambalo vipeperushi hulipita ni ukubwa wa mvumo wenyewe. Mikroampea 72 zikipita kwenye kinga ya kebo yenye ukinzani wa 0.05 Ω zinatoa mikrovolti 3.6. Dhidi ya sauti ya volti 2 kutoka kwenye kicheza CD, hiyo ni desibeli 115 chini. Hakuna sikio litakaloisikia. Hata kebo nyembamba na ndefu ya 0.5 Ω inakuacha desibeli 95 chini. Hali inageuka tu pale mkondo huo unapopita kwenye kebo iliyo kabla ya kikuza-sauti cha santuri, ambako sindano ya koili inayotembea inatoa milivolti 0.3. Hapo mikrovolti 3.6 ziko desibeli 38 tu chini ya muziki, na utazisikia.

Kuna mahali pa pili ambapo bidhaa hii inastahili sifa: vyombo vya pini mbili vyenye pawa saplai za kukata na kuwasha, kama chaja ya kompyuta mpakato au kisanduku cha kutiririsha muziki. Kapasita yake inaunganisha upande wa umeme na upande wa sauti, na kwenye umeme wa kawaida kasha lake linaelea karibu na nusu ya volti za soketi. Ndiyo ile hali ya kugusa kasha la chuma ukahisi kama linatekenya vidole. Umeme linganifu unaupunguza sana mvujo huo, ingawa mlio mdogo wa mara mbili ya masafa ya umeme unaweza kubaki.

Kisichotibika kabisa ni kitanzi cha ethi, yaani vyombo vilivyounganishwa kufika kwenye ethi kwa njia mbili tofauti. Waya wa ethi unapita moja kwa moja ndani ya sanduku, kutoka plagi hadi kila soketi, na lazima uwe hivyo. Basi kama mvumo unatokana na kebo ya antena au televisheni iliyofungwa kwenye ethi yake upande mmoja na amplifaya upande mwingine, unaweza kununua transfoma ya ukubwa wowote na mvumo ukabaki vilevile. Hii ndiyo sababu ya kawaida zaidi ya mvumo nyumbani, na ndiyo inayowarudisha wanunuzi dukani.

Vyombo vyako vinadhani nyutro ni salama

Karibu kila chombo cha nyumbani kina fyuzi moja, na vingi vina swichi inayokata waya mmoja. Hata kule ambako plagi inageuzika, fyuzi ni moja. Mbunifu amekubali kwamba mara nyingine itakaa upande wa nyutro, kwa kuwa ubao wa umeme wa nyumba una breka yake na, siku hizi, RCD. Umeme linganifu unaivunja dhana hiyo kutoka pande zote kwa mpigo.

Tuanze na swichi. Ukizima amplifaya yenye swichi ya waya mmoja, koili nzima ya kuingiza, kishikio cha fyuzi na kichujio vinabaki na volti 115 kupitia waya wa pili. Fyuzi ikikatika, vivyo hivyo: chombo kimekufa lakini ndani kina umeme. Fundi aliyezoea kubadilisha fyuzi baada ya kuzima tu atashika waya wenye volti. Wauzaji hujibu kwamba volti 60 au 115 ni afadhali kuliko 120 au 230. Kwa 60 kuna ukweli fulani. Kwa 115 hakuna faraja; kiwango ambacho kanuni nyingi za umeme hukichukulia kuwa cha chini vya kutosha kuguswa mahali pakavu ni volti 50 za AC. Hutajwa pia transfoma za ujenzi za Uingereza, zenye volti 110 zilizogawanywa 55 kwa 55 kwa ajili ya usalama. Ni kweli, lakini zana zake zina plagi za pekee za rangi ya njano ambazo haziingii kwenye soketi ya nyumbani. Mfumo mzima umejengwa kuzunguka mgawanyo huo. Amplifaya yako haikujengwa hivyo.

Fyuzi ni mbaya zaidi. Tuseme ndani ya chombo, waya usiopita kwenye fyuzi umechubuka na kugusa kasha. Kwenye umeme wa kawaida waya huo ni nyutro. Karibu hakuna kinachotokea, na RCD ya nyumba huenda ikakata. Kwenye umeme linganifu waya huohuo una volti 115, na mkondo unakimbia kupitia kasha na ethi kurudi kwenye ncha ya katikati. Fyuzi ya ampea 1 iliyo mbele ya chombo haiuoni mkondo huo kabisa. Mguso ukiwa kamili, breka fulani itakata. Mguso ukiwa wa nusu, wa ampea tano au nane, waya mwembamba wa ndani unaanza kuungua.

Hapa kuna hesabu ambayo hata mafundi wazuri huikosa. Hitilafu hiyo inatumia nusu ya koili ya kutoa tu. Ampea 12 kwa volti 115 ni sawa na ampea 6 kwa volti 230. Kwa hiyo breka ya ampea 6 iliyowekwa upande wa kuingiza, ambayo muuzaji anakuonyesha kama kinga ya sanduku zima, itaruhusu ampea 12 zipite kwenye waya wenye hitilafu bila kushtuka. Breka ya upande wa kuingiza huona nusu ya tatizo. Ndiyo maana tunadai breka ya nguzo mbili upande wa kutoa, inayokata nyaya zote mbili pamoja kwa mkono mmoja. Fyuzi mbili tofauti si mbadala mzuri: ikikatika moja, nyingine inaacha chombo kikiwa na umeme.

Halafu RCD. Transfoma ya kutenganisha inakata uhusiano kati ya nyumba na soketi za sanduku. Mkondo unaovuja upande wa kutoa, hata ukipita kwenye mwili wa mtu, unarudi kwenye ncha ya katikati ya transfoma hiyohiyo. Hauendi kwenye ubao wa umeme. RCD ya nyumba inaona ampea zinazoingia na kutoka kwenye koili ya kuingiza zikiwa sawa, na inakaa kimya. Mwenye nyumba anaamini analindwa kwa sababu RCD yake ni mpya na inafanya kazi, kumbe soketi zote za sanduku ziko nje ya ulinzi wake. Lazima kuwe na RCD ya pili, baada ya transfoma, ya miliampea 30, au ya aina ya miliampea 5 inayotumika Marekani.

Na usiridhike kwa kubonyeza kitufe chake cha majaribio. Kitufe kinapitisha mkondo kidogo kati ya nyaya mbili za umeme, kinaikwepa ethi. Kitakata vizuri hata kama waya wa ncha ya katikati umeng'oka. Na huo ukiwa umeng'oka, hali ni hii: hitilafu ya kwanza haikati chochote, haipigi kelele, na waya wa pili unapanda hadi volti 230 kamili dhidi ya kasha. Hitilafu ya pili ndiyo itakayokujulisha.

Vitu vya kutochomeka humo, kwa uhakika: taa za kusimama zenye soketi ya kusokota, kwa kuwa ganda la chuma la balbu litakuwa na volti muda wote, swichi iwe imewashwa au imezimwa; redio za zamani za taa za elektroni zisizo na transfoma, ambazo kasha lake la chuma limefungwa moja kwa moja kwenye waya mmoja wa umeme; na UPS (kifaa cha betri cha kushikilia umeme ukikatika), ambayo ikikuta volti kati ya nyutro na ethi huweza kuwasha onyo la waya mbovu au kukataa kazi. Kwenye zile redio za zamani, watu hujilinda kwa kugeuza plagi mpaka kasha liangukie nyutro. Kwenye umeme linganifu hakuna upande wa kugeukia.

Kifaa kile kidogo cha taa tatu cha kupimia soketi nacho hakifai hapa. Kimetengenezwa kikitarajia nyutro isiyo na volti, na kwenye soketi hizi kitakupa jibu la kupotosha. Vifaa vya aina hiyo vyenye kitufe cha kujaribu RCD huenda visiikate kwa volti 60, kwa sababu rezista yake inapitisha nusu tu ya mkondo uliokusudiwa. Usihitimishe kutokana na hapo kwamba RCD ni mbovu, wala kwamba ni nzima.

Kanuni zinasemaje

Marekani ndiko ambako mfumo huu una sheria iliyoandikwa wazi. Uliingia kwenye kanuni ya taifa ya umeme, NEC, mwaka 1996 chini ya kifungu cha 530, kisha mwaka 2002 ukapewa kifungu chake, cha 647. Kifungu hicho kinauruhusu kwenye majengo ya biashara na viwanda tu, mahali panaposimamiwa kwa karibu na watu wenye ujuzi. Soketi zake za ampea 15 na 20 lazima ziwe na ulinzi wa kuvuja umeme, na ziwe na maandishi ya onyo yanayokataza kuchomeka taa. Lazima pia kuwe na soketi ya umeme wa kawaida ndani ya futi 6, ili mtu asipate kisingizio cha kuchomeka taa mahali pasipofaa. Kushuka kwa volti kwenye matawi ya kudumu kusizidi asilimia 1.5.

Nyumba ya kuishi haimo. Sanduku la kuchomeka kwa plagi linahukumiwa kama bidhaa, kwa cheti chake, lakini kuweka transfoma kwenye stoo na kuvuta nyaya linganifu ndani ya kuta hadi sebuleni ni jambo jingine kabisa. Tukiona mtu anauza huduma hiyo kwa nyumba, tunamtilia shaka hata kabla ya kuuliza bei. Na kwa nchi nyingine, ukimya wa kanuni kuhusu jina la mfumo huu usichukuliwe kuwa ruhusa. Masharti ya jumla ya kukata nyaya zote zenye volti, na ya RCD, bado yanashika.

Nguvu, joto na mshtuko wa kuwasha

Transfoma ya VA 1,000 (volti mara ampea, kipimo cha ukubwa wake) ambayo volti zake hushuka asilimia 5 ikibeba mzigo wote ina ukinzani wa 2.6 Ω hivi mbele ya soketi zako. Ni mara kadhaa ya ule wa ukutani. Amplifaya ya daraja AB haivuti umeme kwa utaratibu. Inavuta kwa vipande vifupi kwenye kilele cha kila wimbi, na kipande cha ampea 15 kitaangusha volti karibu 40 papo hapo. Kapasita za amplifaya zinajaa pungufu, na nguvu ya juu inapungua. Watu husikia hilo kama "ulaini" na kulisifu. Kwa amplifaya kubwa tungependa transfoma yenye VA angalau mara mbili ya kiwango kilichoandikwa nyuma ya vyombo vyote vikijumlishwa. Au, bora zaidi, amplifaya ibaki ukutani na sanduku libebe vyombo vidogo tu: kikuza-sauti cha santuri, kicheza CD, kibadilishi cha dijitali. Lakini ukifanya hivyo, baadhi ya vyombo viko kwenye umeme linganifu na vingine haviko, na sehemu ya faida ya kufutana kwa mvujo inapotea. Hakuna njia ya kulikwepa hilo.

Transfoma ya duara ya VA 1,000 na kuendelea ikiwashwa hunyonya mkondo wa ghafla ulio mara nyingi zaidi ya kawaida yake, na breka ya daraja B hukata. Sanduku zuri lina mzunguko wa kuwasha polepole: rezista ya 47 Ω inayozuia mkondo usipite ampea 7 hivi kwenye volti 230, kisha rilei inairuka baada ya nusu sekunde au sekunde moja. Angalia kama rezista hiyo ina fyuzi ya joto. Rilei ikigoma kufunga, rezista ndiyo inayobeba mzigo wote wa amplifaya, na inaungua. Sanduku lisilo na mzunguko huo linahitaji breka ya daraja C au D, inayovumilia zaidi mkondo wa ghafla, iliyowekwa na fundi. Kuongeza ampea za breka ili "isisumbue" huku waya wa ukutani ni uleule ni kutafuta moto.

Transfoma hizi nazo huvuma zenyewe, kwa sauti ya chuma. Milivolti mia chache za DC kwenye umeme wa ukutani, zinazoletwa na vifaa kama kikausha nywele kikiwa kwenye kasi ndogo, zinatosha kulisukuma chuma cha duara kwenye kikomo chake. Baadhi ya wauzaji huweka kizuizi cha DC kilichojengwa kwa kapasita mbili na dayodi. Wengine wanakiuza kando. Weka sanduku angalau mita moja kutoka kwenye deki ya santuri, la sivyo sindano itaokota mvumo wa sumaku na utakuwa umenunua ulichokimbia.

Kulipima sanduku kabla ya kuliamini

Anza likiwa halijachomekwa. Kwa maltimita, pima kutoka pini ya ethi ya plagi hadi tundu la ethi la kila soketi: ukitoa ukinzani wa nyaya za maltimita yenyewe, isomeke chini ya 0.2 Ω. Pima kutoka pini za umeme za plagi hadi matundu ya umeme ya soketi, swichi zote zikiwa zimewashwa. Kusiwe na njia kabisa. Ukisoma ohm chache tu, mbele yako kuna transfoma ya koili moja isiyotenganisha, na ncha yake ya katikati ikifungwa kwenye ethi ni kuunganisha umeme wa nyumba na ardhi. Rudisha.

Kisha pima kutoka tundu la ethi hadi kila tundu la umeme. Pande zote mbili zisome ukinzani mdogo, unaokaribiana. Upande mmoja ukisoma wazi, breka haijafunga nguzo zote; zikisoma wazi pande zote mbili, breka imezimwa au ncha ya katikati imekatika.

Likiwa na umeme, bila chombo chochote: kati ya nyaya mbili 230, kila waya kwa ethi 115, tofauti isizidi volti 2 hivi. Zima breka ya kutoa, upime tena. Pande zote mbili zisome karibu na sifuri.

RCD ijaribiwe kwa kipimo chake halisi, kila waya kwa ethi peke yake. Fundi asiye na kipimo hicho anaweza kutumia rezista ya 3.3 kΩ inayohimili wati 10, iliyofungwa ndani ya plagi iliyozibwa vizuri: kwa volti 115 inapitisha miliampea 35, na RCD ya 30 lazima ikate mara moja. Kwa mfumo wa volti 60 wenye ulinzi wa miliampea 5 au 6, rezista ya 8.2 kΩ inatoa 7.3. Waya mmoja ukikata na wa pili usikate, hapo kuna kosa la kufunga nyaya, na sanduku lisitumike.

Pesa ileile ingefanya nini kingine

Kabla ya kununua, chomoa kebo ya antena na ya mtandao kutoka kwenye vyombo, moja baada ya nyingine. Mvumo ukikata, dawa ni kitenganishi kidogo cha kebo ya antena. Usipokata, hamishia plagi zote kwenye ubao mmoja wa soketi, ili ethi zake ziwe mahali pamoja. Ukiendelea, chomoa kebo za sauti kutoka chombo cha mbali zaidi hadi ujue kipi kinaleta mvumo, kisha weka transfoma ndogo ya sauti kwenye kebo hiyo tu. CI-2RR ya Jensen ni mfano unaojulikana. Hiyo inakata kitanzi na mvujo kwa pamoja, haigusi umeme wa nyumba, na inaingia mfukoni.

Kwa chombo cha pini mbili, mvujo wenyewe unapimika. Kikiwa kimechomolewa kebo zote za sauti, unganisha rezista ya 1 kΩ kati ya kasha na ethi, na usome milivolti za AC juu yake: kila milivolti moja ni mikroampea moja. Geuza plagi kama inageuzika, usome tena, na ubaki na upande mdogo. Ukipata mamia ya mikroampea pande zote, na una sindano ya santuri ya milivolti 0.3, wewe ni miongoni mwa wachache ambao sanduku hili linaweza kuwafaa.

Vyombo vyenye soketi za XLR (zile za pini tatu) vikiunganishwa kwa kebo linganifu za sauti hutatua sehemu kubwa ya haya bila kugusa umeme, mradi mtengenezaji amefunga pini ya kwanza kwenye kasha na si kwenye bodi ya ndani. Kosa hilo la kuifunga kwenye bodi lilielezwa na mhandisi wa sauti Neil Muncy mwaka 1995, na kiwango cha AES48 cha jumuiya ya wahandisi wa sauti kinalikataza, lakini bado utalikuta kwenye vyombo vya bei kubwa.

Kung'oa waya wa ethi kwenye plagi ili mvumo ukate si chaguo, iwe kwenye umeme wa kawaida au linganifu. Kwenye linganifu ni vibaya zaidi, maana sasa nyaya zote mbili zinaweza kulitia kasha volti.

Masanduku yaliyotumika na vifurushi vya kujifungia

Soko la vitu vilivyotumika lina masanduku mengi yaliyotoka studio, na bei yake huvutia. Yalijengwa kwa chumba chenye fundi zamu yote. Mengine yana breka ya nguzo moja, mengine RCD yake iliondolewa kwa kuwa ilikatakata wakati wa kurekodi. Bei ya kuweka breka na RCD mpya ihesabiwe kama sehemu ya bei ya kununua.

Kwenye vifurushi, kosa la kawaida ni kuunganisha koili mbili za kutoa kinyume. Koili mbili za volti 115 zinafungwa mfululizo, na pale zinapokutana ndipo ncha ya katikati. Ikigeuzwa moja, kila waya unasoma 115 kwa ethi kama inavyotakiwa, lakini kati ya nyaya mbili unasoma sifuri, na amplifaya haiwaki. Hilo halina madhara. Lenye madhara ni kosa upande wa kuingiza, ambako transfoma nyingi zina koili mbili za kuunganishwa mfululizo au sambamba kulingana na volti za nchi. Zikifungwa sambamba kwenye umeme wa 230, au moja ikigeuzwa, mkondo ni wa mzunguko mfupi. Washa mara ya kwanza kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyofungwa mfululizo na waya wa laivu, soketi za kutoa zikiwa tupu. Balbu ikimweka kidogo kisha ikafifia kabisa, koili ziko sawa. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima na ufungue upya kila kiungo kabla ya kuiondoa balbu.